Koki Kubwa, Maji Kiduchu: Dhana Potofu Kuhusu Mabomba ya Hodhi la Kuogea

Mwanza ni jiji la miamba, na nyumba zake zimepanda pamoja na miamba hiyo. Anayekaa juu Isamilo au Bugarika hapati maji kwa nguvu ileile anayopata mwenzake aliye bondeni karibu na ziwa, ingawa wote wanalipa ankara kwa mamlaka moja. Ndiyo maana nyumba nyingi zina simtenki juu ya mnara, mgao ukija linajaa, ukikatika linatumika. Sasa watu wanaanza kuweka mahodhi ya kuogea, yale ya kulala ndani, na hapo ndipo maneno ya dukani yanapomgharimu mwenye nyumba.

La kwanza kusikia ni hili: "Chukua koki kubwa, presha itapanda." Koki haitengenezi presha. Maji ya tenki yanapata presha kutokana na kimo, na kila mita 10 kutoka uso wa maji hadi kwenye koki ni takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Kama uso wa maji uko mita 3 juu ya koki, una baa 0.3 na si zaidi, hata ukifunga koki ya dhahabu. Unataka zaidi? Inua mnara au weka pampu. Bomba na koki kazi yake ni kutokupoteza njiani hicho kidogo ulicho nacho.

Wengine wanakwenda kinyume kabisa: eti bomba jembamba ndilo linalosukuma maji kwa nguvu. Wameona mtu akimwagilia bustani, anabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba na maji yanaruka mbali. Kweli yanaruka, lakini mwekee ndoo uone inavyochelewa kujaa. Kwenye bomba la mvua mruko huo una raha yake. Hodhi halitaki mruko, linataka lita. Ukilijaza kiasi cha kuoga linameza kama lita 150. Maji yakija lita 5 kwa dakika utasubiri nusu saa, na ya moto uliyotanguliza yameshapoa. Yakija lita 15, dakika 10 tu.

Sasa twende kwenye vipimo, maana hapa hata mafundi wazuri huteleza. Mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, yanatajwa kwa upana wa nje. Ya milimita 20 ndiyo yanayochukua nafasi ya nusu inchi, ya 25 ni robo tatu, ya 32 ni inchi moja. Lakini maji hayapiti nje. Chukua kipande cha 20 cha daraja la PN20, lile linalotumika sana kwa maji ya moto, ukichungulie kwa mbele: ukuta wake una unene wa milimita 3.4 kila upande, na tundu linabaki 13.2. La 25 lina tundu la 16.6. Bomba la chuma la nusu inchi, likiwa jipya, lina tundu la karibu milimita 16. Kwa hiyo aliyeng'oa chuma cha nusu na kuweka PPR ya 20 "saizi ileile" amejibana bila kujua. Asipoiona tofauti, ni kwa sababu chuma chake kilikuwa kimeshajaa kutu ndani.

Tofauti ya 13.2 na 16.6 inaonekana ndogo. Lakini kwa kimo kilekile na urefu uleule wa bomba, la 25 linaweza kupitisha karibu mara mbili ya la 20. Fundi akikuambia "hii ya ishirini inatosha bosi," kwa sinki la kunawia anasema kweli. Kwa hodhi linalolishwa na simtenki, mwambie aweke 25, baridi na moto.

Hapo kuna wanaosema haina maana, kwani mwisho wa yote koki yenyewe ni nusu inchi. Angalia miksa ya ukutani, koki inayochanganya maji ya moto na baridi, inayouzwa madukani. Ina nati mbili kubwa za robo tatu, na mnunuzi anafurahi. Fungua boksi utakuta viunganishi viwili vilivyopinda, upande wa miksa robo tatu, upande wa ukutani nusu. Kwa hiyo kweli maji yatapita kwenye nusu. Lakini hapo yanabanwa kwa urefu wa vidole vichache, wakati bomba la 20 kutoka kwenye tenki linayabana kwa mita 15 au 20. Msuguano unaongezeka kadiri wembamba unavyorefuka. Leta 25 hadi ukutani, punguza kwenye elbo (kiungo cha kona) ya mwisho. Kosa ninaloliona zaidi ni la kupunguzia palepale kwenye mdomo wa tenki, tenki limetoka kiwandani na tundu la inchi moja au zaidi, fundi anashusha hadi nusu kwa sababu ndiyo valvu aliyokuwa nayo mfukoni.

Koki ya bei mbaya nayo si dawa. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya presha kubwa, njia zake za ndani ni nyembamba. Soma boksi, tafuta presha ya chini kabisa inayohitajika. Ikiandikwa baa 1 na tenki lako linatoa 0.3, irudishe kwenye rafu.

Halafu hita. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5, ikipokea maji ya nyuzi 25 na kuyafikisha 40, inatoa kama lita 5 kwa dakika. Hapo unaweza kuweka bomba la inchi mbili, bado utasubiri nusu saa. Hodhi linahitaji hita yenye tenki lake, ya umeme au ya jua.

Tena usilishe baridi kutoka kwenye bomba la mtaani na moto kutoka kwenye simtenki kwa miksa moja. Siku maji ya mtaani yakija kwa nguvu, baridi itaisukuma moto irudi ilikotoka. Yote mawili yatoke tenki moja.

Jambo moja husahaulika hadi tailizi zimeshakauka, nalo ni njia ya kutokea. Bomba la kutolea maji la sinki la kunawia, inchi moja na robo, halifai hapa. Weka inchi moja na nusu. Na kabla ukuta haujafungwa, shika ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, fungua bomba mpaka mwisho: ikijaa ndani ya dakika moja na nusu, mwite fundi wa tailizi. Ikichukua dakika nne, mwambie asubiri, nawe panda kwanza mnarani kuangalia valvu.