Bia ya kiwanda kikubwa si "maji ya rangi"

Jioni moja Malindi, jamaa mmoja aliitazama Tusker yangu akacheka: "Hayo maji ya rangi. Bia ni ya viwanda vidogo." Wengi huamini hivyo, kwamba bia ya kila mtu haina ufundi.

Ladha ni yake, simbishii. (Na kama sifa ni udogo tu, basi mgema wa mnazi angewashinda wote.) Lakini ufundi? Tusker ni bia ya aina ya laga. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 14 hivi, kisha bia hulazwa majuma kadhaa itulie. Bia nyingi za viwanda vidogo ni eli: huchachuka kwenye nyuzi 20 hivi na huwahi kuiva. Tena hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, zikiwa nyingi huficha kasoro. Laga nyepesi haina pa kujificha. Harufu kidogo tu ya siagi au mahindi ya kuchemsha humuumbua mpishi.

Kinachoiharibu bia upesi huku pwani ni jua. Mwanga ukipenya chupa ya kijani, hopsi huanza kunuka baada ya dakika chache. Chupa yake ilikuwa ya kijani, imeota jua tangu alasiri. Yangu ya kahawia, kivulini.