Si hewa ya Nakuru, ni makasi yako

Wiki jana nilikuwa Bahati, hapa Nakuru, kwa mzee mmoja ambaye mzabibu wake umepanda nguzo, ukavuka paa la banda la ng'ombe, ukafika hadi kwenye tangi la maji. Kivuli chake kinatosha watu wa harusi. Vishada nilihesabu vinne. "Bwana shamba," akaniambia, "hewa yetu haitaki zabibu. Zinataka theluji." Nikamwuliza alipogoa lini. Akacheka. "Nikate mti unaomea hivi?"

Nimechoka na hii habari ya theluji. Ni kweli mzabibu wa Ufaransa hulala wakati wa baridi: huangusha majani, na joto likirudi macho yake, yaani vile vichipukizi vilivyofumba kwenye tawi, huamka karibu wakati mmoja. Lakini baridi haitengenezi zabibu. Kazi yake ni kuupumzisha mzabibu na kuyaamsha macho kwa pamoja. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana una saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mzabibu haulali. Jicho la nchani huchipua kwanza na kuyazuia yaliyo nyuma yake, tawi linakimbilia mbele, huku nyuma kunabaki patupu. Kazi ya baridi huku inafanywa na makasi. Dodoma hawajaona theluji na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Hapo Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ndiko zinakotoka zabibu za mvinyo wa Leleshwa.

Isitoshe, kishada cha msimu huu kiliandaliwa msimu uliopita, kikiwa chembe ndani ya jicho la tawi changa. Pasua jicho, litie chini ya hadubini, utakiona. Chembe hiyo inataka jua. Macho yaliyokulia gizani chini ya kile kivuli cha harusi yatakupa vikono vya kutambalia, si zabibu.

Basi chagua tawi lililokomaa, la kahawia, nene kama penseli, lililopigwa na jua. Acha macho mawili au matatu, ondoa majani yote yaliyobaki, na shamba zima lipogolewe kwa pamoja. Lini? Hesabu kurudi nyuma. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hadi mitano, na kiangazi chetu ni Januari na Februari, kwa hiyo mimi hukata Septemba. Maua yatakutana na mvua za vuli, ndiyo, na ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa ukungu, hautakuonea huruma, kwa hiyo nyunyiza dawa kabla hujaona madoa. Ukipogoa Desemba kwa sababu ndipo vijana wako likizoni, utavuna kwenye matope ya masika.

Mengine nayapitia haraka. Eti Kisumu kuna joto zaidi, kwa hiyo mvinyo utakuwa bora. Sukari utaipata, lakini usiku wa joto huila asidi ya zabibu, na mvinyo usio na asidi umepooza. Kisha mvua ya huko haina likizo, na ukungu unaijua. Panda mche wa kula na watoto, sawa.

Eti maji mengi karibu na mavuno huongeza utamu. Punje hunenepa, sukari huzimuka, ganda hupasuka, uozo huingia. Funga mfereji.

Halafu kuna hii ya kuvuna mapema ili ziive ndani ya kreti. Ndizi hufanya hivyo. Zabibu ikishakatwa haiongezi utamu. Nunua kipimo cha sukari kabla ya kununua pipa, na kwa mvinyo mkavu, yaani usio na sukari, ngoja kisome Briksi 22 hivi (kama gramu 22 za sukari katika kila gramu 100 za maji ya zabibu). Kreti niliyoletewa kutoka Njoro ilisoma 15: hapo unapata kilevi cha asilimia 8 na ukali wa ndimu. Mwenyewe aliniuliza kama azifunike kwa gunia siku tatu.