Kumeza PrEP ukiwa umepewa kingamwili za VVU: eti vinauana?

Kuna hii dhana naisikia sana, kwamba mtu anayemeza PrEP (vidonge vya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe) akipewa na kingamwili za kuzuia VVU (protini za kinga zinazotengenezwa maabara) basi vitu viwili vitapigana humo mwilini vikose nguvu vyote. Hapana jamani, havikutani hivyo.

Angalia kila kimoja kinavyofanya kazi. Vidonge vya PrEP vyenye dawa za tenofovir na emtricitabine vinaingia ndani ya seli, vinamzuia kirusi asijinakili, halafu dawa inatolewa na figo kwenye mkojo. Kingamwili kama VRC01 yenyewe ni protini, inamkamata kirusi huko nje kabla hajaingia kwenye seli, na ikichakaa mwili unaivunjavunja kama protini zingine tu, haigombanii njia na vidonge.

Tena kwenye majaribio ya AMP, yaliyopima kama VRC01 inazuia VVU, watu zaidi ya 4,600, wanawake wa Tanzania na Kenya wakiwemo, walitundikiwa dripu kila wiki 8 na bado wanaotaka PrEP waliunganishwa nayo.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kosa la upande wa pili, mtu kusema nina kingamwili basi vidonge naacha. Matokeo ya majaribio hayo, yaliyotoka 2021, yalionyesha VRC01 kwa ujumla haikupunguza maambukizi, ilisaidia kwa virusi vinavyoisikia tu, yaani vile inavyoweza kuvidhibiti, na vingi havikuisikia. Kwa hiyo kama unatumia PrEP usiache, meza kama ulivyoelekezwa.