Je, Wajua Kwa Nini Margit Anakuua? Mara Nyingi Si Vidole Vyako

Gemu ya Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022. Iliundwa na FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na tangu siku hiyo wachezaji wapya wanauliza swali lile lile: mbona nakufa hivi? Gemu nyingi za mapanga, mazimwi na uchawi hukuuliza mapema kama unataka mchezo rahisi, wa wastani au mgumu. Hii haikuulizi. Unamuumba mhusika wako, unatokea kwenye nyasi za Limgrave, eneo la kwanza, na yule mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu anakulaza chini kabla hujazijua hata kazi za vitufe.

Ukimkwepa huyo, njia inakupandisha hadi mlangoni mwa ngome ya Stormveil. Hapo anakungoja Margit, jitu lenye pembe, mkia na fimbo ndefu. Wengi huishia kwake. Wanajiona wana mikono mizito, wanaifuta gemu, basi. Inaniuma kila nikisikia hivyo, kwa sababu aliyeshindwa pale mara nyingi alikuwa anapigana vita viwili kwa pamoja, vya mikono na vya hesabu, wala hakujua kwamba hivi vya pili vinamalizwa kabla ya kuingia mlangoni. Elden Ring haina kitufe cha kupunguza ugumu, lakini vitu vya kuupunguza vimetawanywa kote katika ulimwengu wake. Ni juu yako kuviokota.

Tuanze na hesabu. Kila ukipanda ngazi unapewa pointi moja ya kuweka unapotaka, na mchezaji mpya huiweka kwenye nguvu za kupiga. Inaeleweka, nani hataki kupiga kwa kishindo? Lakini angalia Vigor, ile sifa inayopanga ukubwa wa uhai wako. Ikiwa 10, una uhai wa 414. Ikifika 25, una 800. Ikifika 40, una 1,450. Sasa tuseme pigo moja la bosi, yaani adui mkubwa kama Margit, linakula 450. Mwenye 414 amekwisha hapo hapo. Mwenye 800 anabaki hai mara moja tu, la pili linammaliza. Mwenye 1,450 anapigwa mara tatu na bado amesimama.

Faida ya hilo si kuvumilia maumivu tu. Bosi hujifunzwi kwa kusimuliwa, unajifunza kwa kumwona. Anayekufa kwa pigo la kwanza ameona pigo moja. Anayestahimili matatu ameona jinsi mapigo yanavyofuatana, ameona bosi anapumzika wapi, amepata hata nafasi ya kunywa chupa yake nyekundu ya kurudisha uhai. Kwa hiyo Vigor inakununulia muda wa kusoma. Lakini usiishangilie milele: kutoka 60 hadi 99 unaongezewa 200 tu, kwani 60 inakupa 1,900 na 99 inakupa 2,100.

Upande wa kupiga, siri iko kwa mhunzi. Katika ngazi za chini, pointi moja ya nguvu huongeza pigo kidogo mno, karibu huoni tofauti. Mawe ya kunolea ndiyo yanayolibadilisha panga, kwa kuwa yanapandisha nguvu ya chuma chenyewe na pia kiasi ambacho panga linafaidika na sifa zako. Silaha ya kawaida hunolewa hadi +25, na ikifika huko nguvu yake ya msingi huwa imezidi mara mbili ya ile ya mwanzo. Kanisa la Elleh, hatua chache tu kutoka ulipoanzia, lina meza ya kunoa hadi +3. Yupo mchezaji anayefika kwa Margit na panga halijanolewa hata mara moja, ilhali meza aliipita siku ya kwanza.

Hesabu ikikaa sawa, ndipo mikono inapoanza kuwa na maana. Na mikono nayo ina mambo yake.

Kubingirika si kukimbia. Unapobingirika, kuna kipande cha mwanzo wa mzunguko, chini ya nusu sekunde, ambacho ndani yake hakuna panga linaloweza kukugusa. Linapita mwilini mwako kama linapita kwenye moshi. Ndiyo maana hesabu ya wakati ni muhimu kuliko umbali. Anayebingirika nyuma mara nyingi kinga inamwishia akiwa bado ndani ya urefu wa fimbo ya Margit, na inamkuta anainuka. Anayebingirika kumwelekea, pembeni kidogo, anapita chini ya mkono na kutokea mgongoni, mahali ambapo fimbo imeshapita. Inatisha mwanzoni, nakiri, maana mwili wote unataka kurudi nyuma.

Ila uzito wa mavazi na silaha zako usizidi asilimia 70 ya uwezo wako wa kubeba. Ukizidi, mhusika anajibwaga kama gunia na kinga inafupika. Deraya nzito imewaua wengi waliodhani inawalinda. Vua kofia, vua glavu, iangalie namba.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa macho. Kitufe cha kubingirika ndicho pia cha kukimbia ukikishikilia. Gemu haiwezi kujua unataka nini hadi uachie, kwa hiyo mzunguko unaanza kidole kinapoinuka, siyo kinapogusa. Ukikikandamiza kwa hofu na kukikalia, umechelewa. Gusa na uachie papo hapo. Pia usikibonyeze mara tatu nne kwa papara, kwa sababu gemu inakumbuka: ukimaliza mzunguko wa kwanza inakutupa kwenye wa pili ambao hukuuhitaji, na wa pili ndio unaokukutanisha na fimbo.

Margit ametengenezwa ili aitumie papara hiyo. Mtazame kwa karibu. Anainua fimbo juu ya kichwa, mwili wote unapinda nyuma, na wewe kidole kinaruka. Umebingirika. Yeye bado ameishikilia ile fimbo juu, hajaishusha. Unainuka, kinga imekwisha, na hapo ndipo inashuka. Jicho la mtu huhitaji takriban robo ya sekunde kupeleka habari hadi kidoleni, na hofu hutufanya tuitikie dalili ya kwanza tunayoiona. Dalili ya kwanza ya Margit ni ya uongo. Usiangalie mkono unavyopanda, subiri bega linapoanza kushuka. Ingia mara mbili tatu bila nia ya kumpiga kabisa, ukwepe tu, na utashangaa fimbo hiyo ilivyo polepole.

Halafu wapo wenzako. Ukishampata farasi Torrent, rudi kanisani Elleh usiku, utamkuta mwanamke mwenye kofia pana ameketi ukutani. Anakupa kengele ya kuita mizimu pamoja na majivu ya mbwa mwitu watatu. Bosi kwa kawaida humwandama mmoja kwa wakati mmoja. Akimgeukia mbwa mwitu, mgongo wake ni wako, na hizo sekunde chache ndizo za kunywa chupa au kupiga. Tena mizimu haimwongezei bosi uhai, tofauti na kumwita mchezaji mwingine aje kukusaidia, ambapo uhai wa bosi hupanda. Wako wanaosema kutumia mizimu ni udanganyifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Imewekwa na waliotengeneza gemu, karibu na mwanzo kabisa, na vita vingi vya mabosi vina mahali pa kuiita.

Ngao nayo inadharauliwa bila sababu. Anayeanza kama Vagabond, mmoja wa wahusika wa kuchagua mwanzoni, anapewa ngao inayozuia asilimia 100 ya mapigo ya kawaida. Kinachoisha ni pumzi tu. Ukizuia kisha ukabonyeza pigo zito papo hapo, mhusika anarudisha kipigo kikali ambacho, pamoja na pigo zito la kuruka, huvunja usimamaji wa adui haraka. Akipiga goti, msogelee mbele umchome.

Na kama yote hayo hayajatosha, ondoka. Kuna njia ya pembeni ya mwamba inayoizunguka Stormveil hadi Liurnia, eneo linalofuata, na kusini kuna rasi nzima ya kuokota mawe na mbegu za kuongeza chupa. Patches, tapeli wa pango la Murkwater, huuza kwa runi 5,000 (runi ndizo fedha za gemu hii, na ndizo za kupandia ngazi) pingu inayomnasa Margit chini mara mbili katika nusu ya kwanza ya pambano.

Hata wakongwe walikumbushwa hili Juni 2024, nyongeza ya Shadow of the Erdtree ilipotoka. Waliingia na ngazi zaidi ya 100 wakapigwa kama watoto, kwa kuwa nchi ile ina nguvu yake ya pekee inayopandishwa kwa vipande vya mti vilivyofichwa njiani. Siku chache baadaye sasisho likaongeza faida ya vipande vya mwanzo, na wachezaji wakahimizwa wavitafute.

Kabla hujarudi kwa Margit, zitumie runi zako zote. Ukifa zinabaki chini ndani ya uwanja wake, na mwenye runi 8,000 zinazomngoja sakafuni huzikimbilia badala ya kuliangalia bega.