Bustani ya masika na kroshia ya barazani: yanayosemwa na yalivyo

Mvua za masika zikishika, Machi hadi Mei kwa watu wa pwani, kazi mbili hushamiri nyumbani. Asubuhi kukiwa kukavu mtu yuko kwenye matuta. Mvua ikirudi yuko barazani na sindano ya kroshia. Siku hizi kazi zote mbili watu hujifunzia kwenye simu, na anayefundisha mara nyingi yuko Uingereza au Marekani, ambako Machi ni mwisho wa baridi. Baadhi ya makosa hutoka huko. Mengine ni yetu wenyewe, tumerithishana.

"Machi ni mwezi wa kuchipua, anzisha mbegu ndani ya nyumba"

Kwao ni sawa, kwa sababu nje bado kuna barafu. Kwetu joto halijapungua. Kinachosumbua Machi ni maji mengi, na mche uliowekwa dirishani hurefuka kutafuta mwanga, ukawa mwembamba kama uzi na kuvunjika siku ya kuhamishwa. Weka kitalu nje, kwenye tuta lililoinuliwa sentimita 20, na juu yake kichanja cha nyasi chenye kimo cha mita 1 ili matone makubwa yasiipige miche. Hata Njombe, Makete na Kitulo, ambako umande huganda usiku, miezi ya kuogopa ni Juni na Julai, si Machi.

Kosa baya zaidi la kufuata kalenda ya watu ni vitunguu maji. Ndugu akija kutoka Ulaya na pakiti ya mbegu nzuri, ukaipanda, utapata majani mengi, shingo nene, na chini hakuna kitunguu. Mbegu haijaharibika. Aina nyingi za kule husubiri siku yenye mwanga wa saa 14 au zaidi ndipo zitunge kitunguu, na karibu na ikweta mwanga ni kama saa 12 mwaka mzima. Nunua aina za siku fupi, kama Red Creole au Bombay Red, zinazopatikana katika maduka ya pembejeo.

"Mvua ndiyo raha ya nyanya"

Masika ni ya mboga za majani: mchicha, matembele, sukuma wiki, majani ya maboga. Nyanya huteseka. Jani likikaa na maji saa nyingi kwenye ubaridi, ukungu wa baka jani chelewa huingia. Mabaka yanayofanana na jani lililomwagiwa maji ya moto hutokea, kisha hugeuka kahawia, na shamba zima laweza kwisha ndani ya wiki moja. Mwenye subira husia mbegu Mei, akahamisha miche Juni mvua zikikatika. Asiye na subira aweke paa la nailoni lenye pande wazi, aache sentimita 60 kati ya mche na mche, aifunge kwenye vijiti, aondoe majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, na amwagilie shinani tu.

Halafu kuna nyanya inayonyauka mchana huku udongo umelowa. Wengi huiongezea maji. Huenda ni mnyauko wa bakteria, na kuuthibitisha hakuhitaji mtaalamu. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na ardhi, kining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, ncha iguse maji tu, usitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, hao ndio bakteria. Dawa ya kuutibu mmea huo hakuna. Ung'oe na mizizi yake, uuchome, usiutie kwenye mboji, na sehemu hiyo usipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au mboga za jamii nyingine. Jembe lililogusa hapo lioshwe kabla ya kuingia tuta la pili.

"Weka kokoto chini ya ndoo ili maji yashuke"

Hii imekaa vichwani mwa watu kuliko zote, na inasikika kama akili ya kawaida. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe hadi ijae, ilaze bapa juu ya kiganja mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, ingawa hujaongeza hata tone. Udongo nao uko hivyo: sehemu yake ya chini kabisa hubaki imejaa maji, kwa kimo kisichobadilika, kwa kuwa udongo laini hauachii maji yake kuingia kwenye kokoto mpaka ujae kabisa. Ukiweka kokoto sentimita 5 katika ndoo yenye kimo cha sentimita 25, hujaondoa ile sehemu ya tope. Umeipandisha sentimita 5 karibu na mizizi, na mmea umepoteza nafasi.

Toboa matundu 6 chini ya ndoo, kila moja kama sentimita 1. Tandika kipande cha chandarua chakavu udongo usitoke. Jaza mchanganyiko wa madebe 2 ya udongo, 1 la mboji na 1 la mchanga mkavu wa mto (usichukue wa baharini, una chumvi). Inua ndoo juu ya matofali mawili. Ndoo iliyokaa bapa kwenye sakafu ya saruji huwa imejiziba matundu yenyewe.

Msichanganye jambo hili na bustani ya gunia. Kule mawe husimama katikati kama nguzo, kutoka juu hadi chini, kazi yake kupeleka maji kwenye tabaka zote. Hayo ni sahihi, yaacheni.

"Mimina mbegu nyingi, zitakazoota ndizo hizo"

Gramu moja ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya 1,000. Kwa tuta la mita 1 kwa 3, kifuniko kimoja cha soda kinatosha. Changanya na vifuniko 10 vya mchanga mkavu ili mkono usirundike mbegu mahali pamoja, tawanya kwenye mifereji, funika kwa udongo laini nusu sentimita. Ukifukia kama mahindi, hazitaibuka.

Miche iliyosongamana hupatwa na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoua miche michanga. Mche unalala chini ukiwa bado kijani. Ukiinama kutazama, shina pale linapogusana na udongo limesinyaa na kuwa jeusi, kama limebanwa kwa uzi. Uliolala hauinuki. Iliyobaki ipunguze ibaki nafasi ya sentimita 5, na acha kumwagilia jioni, kwa maana kitalu kinachokesha na maji ndicho kinachougua.

"Samadi ikinuka ndiyo ina nguvu"

Inanuka kwa sababu amonia inatoka, na hiyo ndiyo huunguza mizizi. Ya kuku ndiyo kali zaidi. Samadi mbichi pia huleta mbegu za magugu na vijidudu vya kuharisha, na mvua huvirushia majani ya chini ya mboga. Irundike pamoja na majani makavu, funika kwa nailoni mvua isiioshe, igeuze kila wiki mbili, uiache miezi 3. Iliyoiva haina joto ukichomeka mkono, na hunuka kama udongo wa msituni. Debe 1 kwa mita 2 za mraba linatosha kuanzia.

Jivu nalo limepewa vyeo visivyo vyake. Lina potasiamu na chokaa. Naitrojeni yake iliungua jikoni, kwa hiyo mboga iliyopauka kwa njaa haitasimama kwa jivu. Konzi moja kwa mita ya mraba mara moja kwa msimu yatosha. Likizidi, udongo hupungukiwa asidi na mmea hushindwa kuchukua madini ya chuma. Ukilichanganya na samadi ya kuku au yurea, unaifukuza naitrojeni ikawe hewa. Na mstari wa jivu wa kuzuia konokono hufanya kazi likiwa kavu, jambo ambalo masika halikuahidi mtu.

"Mvua imenyesha, bustani haina kazi"

Makopo yaliyo chini ya upenu hayapati mvua hiyo. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Matutani ni kinyume: mvua huzamisha naitrojeni chini ya mizizi, na majani ya zamani huanza kuwa njano. Rudishia mboji kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu, badala ya kumwaga yote siku ya kwanza.

Vidukari wa sukuma wiki watibiwe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko 1 cha chai kwa lita 1. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi, huunguza jani. Nyunyizia upande wa chini wa majani, jioni isiyo na mvua, maana sabuni humuua mdudu anayelowa tu. Ikikauka imekwisha nguvu. Jaribu kwanza majani mawili, ungoje kesho.

"Ukikaza uzi, kazi inakuwa imara"

Sasa tuko barazani. Mishono iliyokazwa huwa migumu, kitambaa kinasimama kama kadibodi, na sindano huchubua uzi kila inapolazimishwa kupita. Sindano inapaswa kuingia kwenye tundu bila kusukumwa kwa nguvu. Ikigoma, ongeza saizi kwa nusu milimita, kutoka 4 kwenda 4.5, uache mkono ulegee.

Ndugu wa kosa hilo ni kuruka kipimo. Tufanye hesabu. Kichwa cha mtu mzima ni sentimita 56, kofia tunaifuma 54 ili ishike. Mchoro unasema mishono 18 kwa sentimita 10, kwa hiyo mishono 97. Mkono wako ukitoa mishono 20 badala ya 18, mishono ile ile 97 itakupa sentimita 48.5, ambayo ni kofia ya mtoto wa chekechea. Mishono miwili tu! Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, ndipo uhesabu sentimita 10 za katikati, kwa sababu kingo hudanganya na pamba hunywea. Uzi wote nunua siku moja, na namba ya toleo la rangi kwenye karatasi ya donge ifanane. "Nyeupe" za matoleo mawili huonekana tofauti kitambaa kikishawekwa kwenye kochi.

"dc ni dc"

Sivyo. Katika michoro ya Uingereza, dc (kifupi cha double crochet) ni mshono mfupi. Katika ya Marekani, dc ni mshono mrefu, ule ambao Waingereza huuandika tr (treble). Ukikosea, kazi itatoka nusu ya kimo au mara mbili yake. Kabla ya kuanza, pitisha macho kwenye mchoro wote ukitafuta herufi sc (single crochet). Ukiziona, mchoro ni wa Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wanaouandika hivyo.

"Kitambaa cha duara kikijikunja, kipige pasi"

Pasi haiongezi mshono. Duara la mishono mifupi huanza na 6, na kila mzunguko huongezeka 6: 12, 18, 24, 30. La mishono mirefu huanza na 12, likaongezeka 12. Mshono mrefu husukuma ukingo mbali zaidi, kwa hiyo ukingo unadai mishono mingi zaidi. Kikifanya bakuli, umeongeza pungufu. Kikifanya mawimbi kama jani la kabichi, umezidisha. Hesabu kurudi nyuma mpaka mzunguko wenye idadi sahihi, fumua kutoka hapo. Kosa hujificha pale mzunguko unapofungwa, ambapo mshono wa kufungia huhesabiwa kama mshono kamili. Weka uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko.

Na kama uzi ni akriliki, pasi ya moto huulegeza moja kwa moja. Unang'aa, unakosa uhai, haurudi. Kwa sababu hiyo hiyo vishikio vya sufuria vifumwe kwa pamba tupu, kwani akriliki huyeyuka kwenye chuma cha moto na kuganda kwenye ngozi.

Vitambaa vya kusimamisha kwa maji ya sukari, masika waachieni sisimizi. Tumia wanga wa mahindi: vijiko 2 vya chakula katika nusu lita ya maji baridi, koroga, chemsha huku ukikoroga hadi maji yawe ang'avu, yapoe, chovya, kamua, bana kwa pini kwenye ubao. Fanya hivyo siku ya jua. Kikikaa na unyevu usiku kucha, asubuhi kina madoa ya ukungu.

"Wavu wa kuning'iniza chungu, uzi wowote"

Ndoo ya lita 5 yenye udongo na mchanga, ikilowa, hufika kilo 7 hadi 9. Katani ni nzuri kwa macho lakini huoza ikilowa kila siku, na huoza kwanza kwenye fundo la chini, mahali usipopaona. Pamba hunyooka hadi chungu kiguse sakafu. Fuma kwa kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 3, sindano ya 6 au 7, na ncha za kamba ziyeyushe kwa kiberiti zisifumuke. Kisha ning'iniza humo mzigo wa kilo 9 siku nzima kabla ya kupanda chochote. Pima urefu wa wavu asubuhi na jioni. Ulioongezeka ndio utakaoupunguza kwenye kitanzi cha juu.