Jengo Kongwe Linataka Baraza Kabla ya Rangi

Kila ninapoitwa kutazama jengo kongwe hapa Mombasa, liwe kanisa lililohamwa au darasa la enzi za wamisionari, walioniita huniharakisha kuingia ndani ili wanionyeshe nyufa, nami huomba kwanza nizunguke nje nikitafuta mahali pa kukaa. Mara nyingi hapapo. Pana ukuta, pana mlango wenye kufuli, pana mwarobaini uliojiotea wenyewe, lakini hapana mahali ambapo mpita njia anaweza kutua mzigo wake bila ya kuulizwa amekuja kumwona nani. Mimi ni msanifu majengo, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kuyarudishia matumizi majengo ya mawe ya matumbawe. Nikiulizwa ni kitu gani hulifanya jengo la aina hiyo kuwa pahali pa mtaa mzima kukutania, hujibu kwamba ni baraza.

Waliojenga Mji wa Kale hawakuhitaji kuambiwa haya. Baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta wa mbele ilimwezesha mwenye nyumba kumpokea mgeni bila ya kumwingiza ndani kwa watu wake, na ilimwezesha mgeni kukaa, kuzungumza, kunywa kahawa na kuondoka bila ya kuaga nyumba nzima. Ndiyo maana neno lile lile limebeba maana ya kikao na ya mahali pa kukalia, hata machifu wakawa wanaitisha baraza katika uwanja usio na jiwe hata moja la kukalia. Kanisa la wamisionari lilijengwa kwa fikira nyingine: unaingia ukiwa na sababu, na sababu ikiisha unatoka. Shule ni vivyo hivyo, tena shule ina lango na kengele.

Nchi nyingine zimeifanya kazi hii kwa muda mrefu na yako ya kujifunza kwao, ila sababu zao si zetu. Huko Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominika lililowekwa wakfu mwaka wa 1294 liligeuzwa duka la vitabu mwaka wa 2006, na rafu za chuma za ghorofa mbili zikasimamishwa katikati ya kanisa juu ya miguu yake yenyewe, bila ya kuzielemea kuta za kale, kiasi kwamba siku zikihitajika kuondolewa zitaondoka bila ya kuacha jeraha. Huko Portland, Marekani, shule ya msingi iliyojengwa mwaka wa 1915 na kufungwa mwaka wa 1975 ilifunguliwa upya mwaka wa 1997 ikiwa na vyumba vya wageni, sinema na mahali pa kulia. Nchini Japani, katika mji wa Muroto, shule iliyofungwa mwaka wa 2006 imekuwa tangu mwaka wa 2018 nyumba ya kuonyeshea viumbe wa baharini, na kasa wanaogelea katika kidimbwi walichokuwa wakiogelea wanafunzi. Makanisa mengi ya Ulaya yalibaki matupu kwa sababu waumini walipungua, na shule za Japani zilifungwa kwa sababu watoto walipungua.

Kwetu kinyume chake ndicho kilichotokea. Waumini waliongezeka, wakajenga kanisa kubwa kando ya lile dogo, na lile dogo likabaki kuwa ghala la madawati yaliyovunjika, matangi na mabati ya akiba. Wanafunzi waliongezeka, likajengwa jengo la ghorofa, na yale madarasa mawili ya mawe ya mwanzo yakaachiwa popo. Tofauti hii ina uzito katika kazi, kwa kuwa jengo la Uholanzi lina historia isiyo na mwenyewe wa kila siku, ilhali la kwetu limo ndani ya ua wa watu walio hai, wenye ibada, wenye ratiba na wenye kamati, na mtaa ukitaka kulitumia lazima upite mbele yao kwanza.

Si kwamba Mombasa haijui kubadilisha matumizi ya majengo. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, iliwahi kuwa gereza kabla ya kufunguliwa kuwa makavazi mwaka wa 1960, na mahakama ya zamani iliyo jirani nayo, jengo la mwaka wa 1902, leo ni ukumbi wa maonyesho. Hayo ni mafanikio, lakini ni mafanikio ya makavazi: mtu huenda kutazama, kisha hurudi kwao. Mfano ulio karibu zaidi na fikira yangu uko ng'ambo ya daraja la Nyali, Kengeleni, mtaa uliopata jina lake kutokana na kengele ya makazi ya Frere Town, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Husimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa pia kuwatahadharisha watu hatari ilipokaribia. Sidhani kama aliyeisikia akakimbilia aliulizwa kama amebatizwa.

Sasa nirudi kwenye kuta, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na mimi mwenyewe nilizipoteza. Jengo langu la kwanza la namna hii lilikuwa darasa la misheni upande wa bara, kuta zake zikiwa na unene wa karibu nusu mita, mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo na chokaa. Kamati ilitaka lipendeze haraka, nami nikakubali plasta ya saruji ndani na nje, kisha rangi ya mafuta. Lilipendeza kweli, miezi minane. Masika yalipokuja, ukuta ukaanza kutoa jasho, rangi ikafura malengelenge, na fundi mwashi mmoja mzee aliyekuwa akipita tu njiani akaingia bila ya kuitwa, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona, huku ametega sikio. Palipokuwa pazima palitoa sauti nzito, na palipokuwa pameachana palilia kama kibuyu. "Mwanangu," aliniambia, "umemvisha mvuvi koti la mvua, halafu wamwambia apige makasia."

Maelezo ya kitaalamu ndiyo hayo hayo, ila ni marefu zaidi. Jiwe la tumbawe ni laini na lina vitundu. Hufyonza maji kutoka ardhini pamoja na chumvi iliyomo, na huyatoa maji hayo hewani kupitia uso wake. Chokaa huyaruhusu yatoke. Saruji ni ngumu na huyazuia, basi maji hutafuta njia nyingine, na chumvi huganda nyuma ya plasta, hukua, husukuma, hadi plasta inabanduka ikiwa imeng'ang'ania ngozi ya jiwe. Hapo unapoteza plasta na ukuta pia. Tulibandua kila kitu na kuanza upya kwa chokaa iliyozimwa na kulowekwa shimoni kwa wiki kadhaa, tukaipaka kwa tabaka nyembamba na kuifunika magunia mabichi ili isikauke kwa pupa, maana chokaa huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa na haipendi jua la mchana. Kazi iliyotakiwa kuisha kwa miezi mitatu ilichukua kumi. Kamati haikufurahi, na ilikuwa na haki.

Lakini majengo haya yana zawadi zake pia. Vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ni vyembamba, kwa kawaida havizidi mita tatu hivi, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti haziruki zaidi ya hapo. Kanisa na darasa huezekwa kwa kenchi za mbao, na kwa hiyo hukupa ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Pia, kwa vile desturi ya kujenga makanisa ni kuielekeza altare mashariki, kuta ndefu huangalia kaskazini na kusini: jua la asubuhi na la jioni halizipigi sana, na madirisha yake hupokea upepo wa kusi na wa kaskazi kwa zamu. Waliochora hawakuwa na nia hiyo, ila sisi ndio tunaofaidi, na ninapoona kamati ikiziba madirisha hayo kwa vioo ili ifunge mashine ya kupoza hewa huwa naumwa na tumbo.

Kasoro yake ni mwangwi. Kuta za mawe, sakafu ya saruji na mabati juu huirudisha sauti mara kadhaa; wimbo hupendeza, lakini mkutano wa chama cha akina mama huwa zogo. Kwa mazungumzo sauti inafaa ife ndani ya takriban sekunde moja. Dawa si ghali: majamvi sakafuni, mapazia mazito ukuta wa nyuma, na dari ya mbao au ya mikeka chini ya mabati, ambayo pia hupunguza kelele za mvua.

Jambo gumu zaidi halimo katika ujenzi. Katika mtaa ule wa darasa langu, wengi wa majirani ni Waislamu, na jengo lina msalaba uliochongwa juu ya mlango. Wapo waliopendekeza uondolewe. Nilikataa, kwa kuwa kulificha jengo lilikotoka ni uongo, na majirani hawadanganyiki. Nilimwendea bibi anayeuza mahamri na mbaazi ng'ambo ya njia, nikamuuliza kama angeingia. "Mwanangu, ndani nitaingia nikiwa na shida," akasema. "Lakini ukinijengea pa kukaa hapa nje penye kivuli, nitakuja hata bila ya shida." Baraza ikaingia kwenye ramani siku hiyo, upande wa ubavuni wenye mlango wa pili, mbali na msalaba lakini si kwa kuukimbia, huko ndiko kivuli kilikokuwa.

Kisheria, jengo likiwa limetangazwa kuwa turathi haliguswi bila ya idhini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2006, na kubadilisha matumizi ya ardhi huhitaji ruhusa ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka wa 2019. Kabla ya yote hayo, tafuta hati. Shule nyingi zinaendeshwa na serikali huku ardhi ikiwa kwa jina la wadhamini wa kanisa, na nimeona kazi ikisimama mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeuliza hilo mapema.

Kisha kuna kishawishi cha harusi. Ukumbi wenye kuta nene na madirisha ya juu yasiyochunguliwa kutoka nje unafaa mno kwa usiku wa kupamba, ambapo wanawake hutaka wawe peke yao, na kodi ya usiku mmoja hulipa umeme wa miezi. Nakubali harusi, lakini nashauri zisizidi Jumamosi mbili kwa mwezi, kwani nimeona ukumbi uliokodishwa kila siku ukigeuka biashara, majirani wakaanza kuulizwa kadi. Na funguo zisikae ofisini kwa mtu mmoja. Pale kwetu ziko tatu: moja kwa kamati ya kanisa, moja kwa mwalimu mstaafu anayesimamia vitabu, na ya tatu imetundikwa msumarini kwa yule bibi wa mahamri, ambaye hufungua alfajiri kwa kuwa yeye ndiye anayeamka kabla ya wote.

Baraza yenyewe tuliikosea mara ya kwanza. Tuliijenga kwa kimo cha sentimita 60 ili ilingane na msingi wa jengo, na wazee wakawa wanakaa miguu ikining'inia kama watoto. Tuliikata hadi 45. Chokaa ya juu huliwa na makalio ya watu kabla ya kuliwa na mvua, kwa hiyo huipaka upya kila mwaka kabla ya masika; mwaka huu tutaanza baada ya Idi, kwa sababu wiki hii imejaa watu na hakuna anayekubali kuinuka.