Je, wajua? Mlinzi wa nje wa besiboli hajui mpira utaangukia wapi

Willie Mays alicheza ulinzi wa nje, yaani kulinda sehemu ya uwanja iliyo mbali na mpigaji, katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani tangu 1951 hadi 1973. Kwa muda huo aliwatoa mchezoni wapigaji zaidi ya 7,000, karibu wote kwa kudaka mpira kabla haujagusa chini, na hakuna mlinzi wa nje aliyewahi kuifikia rekodi hiyo. Tuzo ya walinzi bora, Gold Glove, ilipoanzishwa 1957, aliichukua miaka 12 mfululizo. Alijuaje pa kukimbilia?

Jibu linalowajia wengi ni kwamba kichwa hupiga hesabu ya haraka: mpira umetoka kwenye gongo kwa kasi fulani na pembe fulani, basi utatua pale, timka. Maelezo haya yana mvuto, na hata wachezaji wazoefu huyatoa. Shida ni kwamba jicho halina takwimu za kuingiza kwenye hesabu hiyo. Mpira una upana wa sentimita 7 hivi, mpigaji yuko umbali wa mita 90 au zaidi, na kwa umbali huo macho mawili hayatofautishi kama kitu kinakuja au kimesimama. Ongeza upepo, na mzunguko wa mpira unaoupindisha njiani.

Miguu nayo inatoa ushahidi. Anayejua mpira unapotua angekimbia kwa nguvu zote, afike, asimame kuungoja. Watafiti walipowapiga picha za video wadakaji, waliona jambo jingine: mara nyingi wanafika pamoja na mpira, wakiongeza na kupunguza mwendo njiani. Mipira iliyopigwa juu kabisa na karibu haifuati sana kanuni hiyo, lakini kwa mingine picha ni ileile.

Sasa mfikirie nahodha wa jahazi anayeona chombo kingine baharini. Hajui kinakwenda kasi gani, wala hahitaji kujua. Anakilinganisha na kamba ya mlingoti wake. Kikianza kusogea mbele ya kamba, kitapita mbele. Kikirudi nyuma yake, kitapita nyuma. Kikibaki palepale kwenye kamba huku kinazidi kuwa kikubwa, watagongana. Mlinzi wa nje hufanya vivyo hivyo, ila yeye ndiye anayeutafuta mgongano.

Hiyo ni kwa kushoto na kulia. Uhondo uko kwenye juu na chini, na aliyeueleza mwaka 1968 ni mwanafizikia Seville Chapman. Chora akilini ukuta mrefu sana nyuma ya mpigaji, uutazame mpira ukipanda kwenye ukuta huo. Ukiwa umesimama mahali sahihi, utauona ukipanda kwa mwendo mmoja usiobadilika hadi unakufikia. Ukiona unapanda kwa kasi inayoongezeka, utakupita kichwani, rudi nyuma. Ukiona unapoteza kasi, utaanguka mbele yako, kimbilia mbele. Kwa hiyo kazi ya miguu ni kuufanya mpira uonekane ukipanda kwa mwendo uleule. Na hapa kuna kioja: nusu ya safari mpira unashuka kwelikweli, lakini kwa jicho la anayeudaka bado unapanda.

Mwaka 1995 Michael McBeath na wenzake walikuja na kanuni tofauti kidogo, kwamba mdakaji hupinda njia yake ili mpira uonekane ukienda kwenye mstari ulionyooka. Ubishi kati ya kambi hizi mbili haujaisha. Baadaye kundi hilohilo la utafiti lilifunga kamera kwenye vichwa vya mbwa wanaodaka visahani vya kurusha, likaona mbwa nao wanakimbia kwa mtindo huo.

Lakini tusimalize bila kuigusa siku ya 29 Septemba 1954, uwanja wa Polo Grounds, New York, mchezo wa kwanza wa World Series, fainali ya ligi. Giants, timu ya Mays, na Cleveland walikuwa 2-2, Cleveland wakiwa na wakimbiaji wawili kwenye besi, vituo ambavyo mchezaji huvizunguka ili kufunga. Vic Wertz wa Cleveland akaupiga mpira mrefu kuelekea katikati, takriban mita 130. Mays akaupa mgongo, akatimka kuelekea ukutani, akaudaka juu ya bega. Kwa sehemu kubwa ya mbio zile hakuwa anautazama mpira, na kanuni zote mbili zinahitaji macho. Hapa wanaotetea ile hesabu ya kichwani wana hoja: yaelekea sekunde ya kwanza, mkao wa mpigaji na mlio wa gongo vilimpa mwelekeo wa jumla, na macho yakarekebisha mwishoni.

Mpira ukishadakwa, wakimbiaji wanaruhusiwa kusogea. Mays aligeuka hapohapo akaurusha, kofia ikamtoka. Larry Doby, mmoja wa wakimbiaji wale wawili, aliishia besi ya tatu, hakuna aliyefunga, na Giants wakashinda 5-2 baada ya muda wa nyongeza.